Figo Mpya, Moyo Uleule: Safari ya Kilosa na Mikumi Iliyotufunza Kuisoma Damu



Leo tunaanza na kosa letu wenyewe. Wifi yetu wa Mikumi alikuja Dar es Salaam kwa ajili ya kliniki yake ya figo, nasi tukavuka kwa boti kutoka Unguja kwenda kumpokea. Tulilala pamoja kwa jamaa zetu. Alfajiri tukaamka kabla yake, kama ilivyo desturi ya mtu mwenye mgeni: tukachemsha chai ya maziwa, tukachoma vitumbua, tukampangia vidonge vyake kando ya kikombe ili asisahau. Wifi akala, akanywa, akameza. Tulipofika maabara, mhudumu akauliza, "Mama, umekula? Dawa umeshameza?" Tukajibu kwa furaha kabisa kwamba ndiyo, mgonjwa wetu tumemhudumia vizuri. Mhudumu akaiweka sindano chini.

Kumbe aliambiwa aje na tumbo tupu, kwa ajili ya vipimo vya sukari na mafuta. Na damu ya kupima kiwango cha dawa ya kushusha kinga hutolewa kabla ya dozi ya asubuhi, si baada yake. Kwa mapenzi yetu tulikuwa tumeviharibu vipimo vyote, na mwenzetu alikuwa ametoka takriban kilomita 300. Ikabidi alale tena, arudi kesho yake.

Majibu yalipotoka, kriatinini, kipimo kinachoonyesha figo inavyosafisha damu, ilikuwa nzuri. Figo aliyopewa na dada yake mkubwa inafanya kazi, alhamdulillahi. Lakini lehemu, ile ambayo wengi wetu tunaiita kolestero, ilikuwa imepanda, na sukari ilikuwa mpakani. Daktari akaanza kuzungumza habari za moyo. Wifi akatugeukia na macho yamemtoka: "Mawifi zangu, aliyekuwa mgonjwa ni figo. Moyo umeingiaje hapa?"

Swali lile hatukuwa na jibu lake. Tumekaa nalo, tumesoma, tumewauliza wanaojua, kisha tukamfuata wifi mpaka Mikumi, na kwao Kilosa, tukamsimulie tuliyoyapata. Makala hii ndiyo masimulizi yale. Ni historia, lakini ni historia iliyomo ndani ya kichupa kidogo cha damu chenye kifuniko cha rangi.

Barabara moja, reli moja

Kwa wasioijua, Mikumi ni mji mdogo ndani ya Wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro, kando ya barabara kuu iendayo Iringa na Zambia. Kabla ya kuufikia unakatiza hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964, na basi hupunguza mwendo kwa ajili ya tembo na nyati. Kilosa mjini iko kaskazini ya Mikumi, kwenye reli ya kati, ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 wakaifikisha Kigoma mwaka 1914. Kabla ya reli, misafara ya Bagamoyo kwenda bara, mingi ikigharimiwa na wafanyabiashara wa kisiwani kwetu, ilipita katika nchi hiyo ya Usagara. Kwa hiyo Kilosa na Unguja ni watu wanaojuana zamani, hata kabla kaka yetu hajaenda kuoa huko.

Njia hizo zilileta watu: vibarua wa mashamba ya mkonge, wafanyakazi wa reli, wakulima wa miwa, wafugaji na ng'ombe wao. Zilileta pia chakula kipya. Mama mzazi wa wifi, bibi wa Kilosa aliyeshiba umri, alituambia utotoni mwake chai ya sukari ilikuwa ya mgeni na ya sikukuu, na mafuta ya kupikia yalinunuliwa kwa kipimo kidogo dukani. Siku nyingi walikula ugali, mboga za majani, kunde na mahindi ya kuchemsha, na shamba walikwenda kwa miguu. "Presha tuliisikia kwa watu wa mjini," alisema.

Je, bibi alikuwa anapamba tu ujana wake, kama wazee wanavyofanya? Hapana. Maneno yake yameandikwa na madaktari pia.

Walipoanza kutupima

Mwaka 1929 daktari mmoja wa Kiingereza, Donnison, aliyekuwa akifanya kazi Kavirondo Kusini nchini Kenya, karibu na Ziwa Viktoria, alichapisha vipimo vya shinikizo la damu la watu wapatao elfu moja. Aliona kwamba shinikizo la wenyeji wale halikupanda na umri kama lilivyopanda kwa watu wa Ulaya. Miaka 30 baadaye, mwaka 1959, Shaper na mwenzake Jones wa Kampala walichapisha vipimo vya lehemu katika damu ya Waafrika na ya Waasia waishio Uganda. Miongoni mwa Waafrika ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa karibu haupo, na lehemu yao ilikuwa ndogo. Miongoni mwa Waasia wa mji uleule ugonjwa huo ulikuwa tatizo kubwa, na lehemu yao ilikuwa juu. Hali ya hewa ilikuwa moja na maji mamoja. Jikoni ndiko walikotofautiana, na pia katika maisha ya kukaa na ya kutembea.

Hapa kwetu Tanganyika, miaka ya mwanzo ya 1960, Mmarekani aitwaye George Mann aliwaendea Wamasai, watu wa maziwa na nyama. Licha ya chakula hicho, alikuta lehemu kidogo. Mwaka 1972 alichapisha matokeo ya uchunguzi wa mioyo ya wanaume 50 wa Kimasai waliokwisha kufariki. Kuta za mishipa yao zilikuwa zimenenepa kama za wazee wa Marekani, lakini njia ya damu katikati ilikuwa pana, na dalili za mshtuko wa moyo zilikuwa adimu. Wafugaji wa Kiparakuyo wanaoishi Kilosa ni ndugu wa watu hao kwa lugha na mila, ingawa Mann hakwenda kuwapima wao. Tumekitaja kisa hiki kwa sababu tutakirudia: damu inasema jambo moja, mshipa unasema jambo jengine, na mwili mzima una neno lake la mwisho.

Kisha ikaja zamu ya mkoa wa wifi yetu. Miaka ya 1980 Profesa McLarty wa Muhimbili pamoja na wenzake, akiwemo Profesa Swai, walikwenda vijijini katika mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara wakapima sukari ya watu zaidi ya 6,000. Matokeo yalichapishwa mwaka 1989: wenye kisukari hawakufika hata mmoja katika kila mia. Mwaka 1993 wakachapisha vipimo vya vihatarishi vya ugonjwa wa moyo kutoka mikoa hiyohiyo, na huko Morogoro vijijini wenye lehemu ya juu walikuwa wachache sana. Bibi wa Kilosa hakuwa akitia chumvi.

Lakini tazama kilichofuata. Mwaka 2012 ulifanyika utafiti wa kitaifa Tanzania Bara kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64. Wenye kisukari walikuwa kama 9 katika kila 100, na wenye shinikizo la juu walikuwa kama robo ya wote. Ni mwendo wa kizazi kimoja tu, tangu mama hadi binti yake.

Tulipoyasoma haya tulielewa kwa nini wengi wetu tumekua na ile imani kwamba moyo ni maradhi ya wazungu, ya wanaume na ya matajiri. Imani hiyo ilitokana na vipimo vya kweli, ila vipimo vya zamani. Damu imebadilika, imani imebaki palepale. Na kuhusu wanawake haikuwa kweli hata mwanzoni. Mwaka 1948 mji wa Framingham nchini Marekani ulipoanza kufuatilia watu 5,209 ili kujua nani atapata ugonjwa wa moyo, zaidi ya nusu yao walikuwa wanawake. Huko ndiko lehemu, shinikizo, sukari na sigara vilikopata hadhi ya vihatarishi, yaani mambo yanayoonekana leo yakaashiria ugonjwa wa kesho.

Siku figo ilipohama

Wakati Framingham wanahesabu, si mbali na hapo, katika mji wa Boston, daktari Joseph Murray na wenzake walifanya jambo ambalo watu walilidhani haliwezekani. Tarehe 23 Desemba 1954 walitoa figo ya Ronald Herrick wakaipandikiza kwa Richard, pacha wake wa kufanana. Kwa kuwa walikuwa pacha wa yai moja, mwili wa Richard haukuiona figo ile kuwa mgeni. Aliishi miaka minane zaidi, akaoa, akapata watoto. Murray alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990.

Lakini nani kati yetu ana pacha wa kufanana? Dada wa wifi ni dada, si pacha. Kwa watu kama wao ilibidi ipatikane dawa ya kuutuliza mwili usiishambulie figo ya mwenzio. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 zikaja azathioprini na dawa za jamii ya prednisoloni. Mwaka 1978 Roy Calne wa Cambridge akaanza kuwapa wagonjwa siklosporini, iliyotoka katika kuvu aliyepatikana kwenye udongo wa Norway. Mwaka 1984 Wajapani wakaipata takrolimasi kutoka kwa bakteria wa udongo wa Tsukuba, na hiyo ndiyo wifi anayoimeza asubuhi na jioni. Subhanallah, tunautembelea udongo kila siku bila kujua kilichomo.

Figo zikaanza kudumu. Na zilipodumu ndipo likaonekana jambo ambalo hapo mwanzo halikuwa na nafasi ya kuonekana: watu walikuwa wakifariki na figo yao bado ni nzima. Kilichowaua ni moyo, au kiharusi.

Kwa nini moyo

Wifi, jibu la swali lako lina sehemu mbili.

Ya kwanza ni deni la zamani. Figo haifi siku moja. Kwa wifi ilianza na presha ya ujauzito iliyobaki baada ya kujifungua, ikaachwa miaka. Miaka hiyo yote mishipa ilikuwa ikipigwa. Figo inaposhindwa, chumvi na maji hubaki mwilini, damu hupungua, fosfeti hupanda, na chokaa huanza kujijenga kwenye kuta za mishipa. Moyo nao hunenepa kwa kusukuma kazi nzito. Mwaka 1974 madaktari wa Seattle waliandika kwamba wagonjwa wao waliokuwa wakisafishwa damu kwa mashine kwa miaka walikuwa wakipata ugonjwa wa mishipa ya moyo mapema kuliko umri wao. Figo mpya hupunguza hatari hiyo sana ukilinganisha na kubaki kwenye mashine. Lakini haifuti yaliyokwisha kuandikwa kwenye mishipa.

Ya pili ni bei ya ulinzi. Dawa zilezile zinazoilinda figo zina gharama yake. Prednisoloni hupandisha sukari na mafuta na huongeza hamu ya kula. Siklosporini hupandisha shinikizo na lehemu. Takrolimasi ina nafuu kidogo kwenye lehemu, ila inaweza kuleta kisukari kwa mtu ambaye hakuwa nacho. Si dawa mbaya. Bila dawa hizo hakuna figo, na aliyezoea kuruka dozi anaichezea amana ya dada yake. Ila ndiyo maana mtu aliyepandikizwa hupimwa zaidi ya figo.

Na kuna sehemu ya tatu, ambayo ni yetu sisi. Wifi aliporudi kutoka hospitali amekonda, kila mtu alitaka anenepe. Tulimpelekea samaki wa kupaka wa tui zito, wali wa nazi, bokoboko la samli, visheti, kashata, na papa mkavu mwenye chumvi yake. Uso ulipojaa tukasema, mashallah, amenawiri. Uso ule ulijaa kwa prednisoloni na kwa vyungu vyetu. Hatukujua kutofautisha afya na uvimbe.

Alama ni ishara, si hukumu

Wifi aliposikia lehemu imepanda, usiku hakulala. Aliona kama ameshahukumiwa. Hapa tukamrudisha kwenye historia, kwa sababu imejaa alama zilizotafsiriwa vizuri na nyengine zilizotafsiriwa vibaya.

Miaka ya 1970 Mjapani Akira Endo aliipata statini ya kwanza katika ukungu, na dawa za jamii hiyo zikaja kushusha lehemu mbaya kwa mamilioni ya watu. Je, zinawafaa waliopandikizwa figo? Jibu lilichapishwa mwaka 2003, katika utafiti uliowahusisha wagonjwa 2,102 wa Ulaya na Kanada. Nusu walipewa statini, nusu kidonge kisicho na dawa, wakafuatiliwa kwa miaka mitano na zaidi. Lehemu mbaya ilishuka kwa karibu theluthi. Matukio yote ya moyo yalipojumlishwa pamoja, tofauti haikuwa kubwa ya kutosha kuthibitishwa. Ila vifo vya moyo na mishtuko ya moyo vilikuwa vichache kwa takriban theluthi kwa waliopata dawa. Mwaka 2013 mwongozo wa kimataifa wa madaktari wa figo ukapendekeza watu wazima waliopandikizwa wapewe statini. Hapa alama ilikuwa ya kweli, na kuishusha kulisaidia.

Sasa sikilizeni kisa cha homosisteini. Mwaka 1969 daktari Kilmer McCully aliona mishipa iliyoharibika ya watoto waliozaliwa na homosisteini nyingi kupita kiasi, akasema huenda kitu hiki kinaharibu mishipa ya watu wazima pia. Waliopandikizwa figo mara nyingi wanacho kwa wingi, na wenye nyingi zaidi hupata zaidi ugonjwa wa moyo. Tena vitamini, ile asidi ya foliki na vitamini B6 na B12, huishusha kwa urahisi. Nani asingefurahi? Wakakusanywa watu 4,110 waliopandikizwa figo katika Marekani, Kanada na Brazil. Waliopewa vitamini nyingi homosisteini yao ilishuka kweli. Lakini matokeo yalipotangazwa mwaka 2011, mishtuko ya moyo na vifo havikupungua. Alama ilishuka, ugonjwa haukushuka.

Ni kama moshi jikoni. Moshi unakwambia kuna moto, lakini kuupepea moshi utoke dirishani hakuuzimi moto. Alama nyengine ni kuni zenyewe, kama lehemu na shinikizo: ukiziondoa moto unapungua. Nyengine ni moshi tu.

Kwa hiyo, dada yetu unayeuziwa mtandaoni vidonge vya "kusafisha mishipa", kumbuka wale 4,110. Muulize muuzaji: inashusha namba, au inapunguza vifo? Haya ni maswali mawili.

Ipo pia protini iitwayo CRP, iliyogunduliwa mwaka 1930 kwenye damu ya wagonjwa wa nimonia. Tangu miaka ya 1990 imekuwa ikitajwa sana katika habari za moyo, kwa sababu mishipa yenye uvimbe wa ndani huipandisha kidogo. Lakini malaria huipandisha, maambukizi ya mkojo huipandisha, hata jino bovu. Kwa mtu wa Kilosa ambaye kinga yake imeshushwa kwa dawa, CRP ikiwa juu, swali la kwanza ni homa na maambukizi. Na troponini, ambayo hospitali huipima mtu akija na maumivu ya kifua, kwa wenye shida ya figo inaweza kukaa juu kidogo siku zote. Daktari hutazama kama inapanda kutoka saa hadi saa. Namba moja peke yake ni sawa na neno moja lililokatwa kwenye barua.

Muhimbili, Dodoma, na Kilosa katikati

Zamani Mtanzania aliyehitaji figo alipelekwa India, aliyejaaliwa uwezo au kibali cha serikali. Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini, kwa ushirikiano na madaktari wa hospitali ya BLK ya New Delhi. Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata, ikisaidiana na madaktari kutoka Japani.

Tukiwa Kilosa tulilitazama jambo hili kwenye ramani ya ukutani. Reli inatoka Dar es Salaam inakwenda Dodoma, na Kilosa iko katikati. Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 ina kituo hapo. Dada wa wifi, aliyetoa figo, hupanda treni Kilosa; wifi hupanda basi Mikumi; wanakutana Dar es Salaam. Ndiyo, na yeye dada huenda, kwa sababu mtoaji naye anapaswa kupimwa presha, mkojo na figo iliyobaki, hata kama hajisikii chochote. Mara nyingi sisi humsahau mtoaji siku anapotoka wodini.

Lakini treni haibebi kila kitu. Upasuaji ni siku moja, kliniki ni maisha yote. Nauli, malazi, siku za kazi zilizopotea, na vipimo ambavyo si kila maabara inavyo: hivyo ndivyo vinavyomfanya mtu aseme, "Najisikia vizuri, mwezi huu nitaruka." Wifi alikiri kwamba kwa karibu mwaka mzima alikuwa akipima kriatinini peke yake katika maabara ya karibu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa rahisi, na kila ilipotoka nzuri alirudi nyumbani akishukuru. Hakuna aliyemdanganya. Aliuliza habari za figo, akajibiwa habari za figo. Moyo hakuna aliyeuuliza.

Daftari la wifi

Kabla hatujaondoka Mikumi tulikaa barazani na daftari la skuli, la mraba, tukachora mistari. Yeye anasema, sisi tunaandika, kutokana na alivyoelekezwa kliniki. Tunakuwekeeni hapa kwa mwenye ndugu kama yeye. Kila mtu atafuata ratiba ya daktari wake.

Safu ya kwanza ni kriatinini na protini kwenye mkojo. Hizo ni za figo, lakini figo ikianza kuvuja protini, na moyo umo hatarini.

Safu ya pili ni lehemu: mbaya, nzuri, na yale mafuta mengine yaitwayo traigliseridi. Akianzishwa statini, amwambie daktari dawa zote anazomeza, hasa siklosporini, kwa sababu hugombana. Na mwanamke anayetarajia kubeba mimba aseme mapema sana, maana baadhi ya dawa za moyo na za kinga hubadilishwa kabla ya mimba.

Safu ya tatu ni sukari, ya asubuhi na ile ya wastani wa miezi mitatu.

Safu ya nne ni wingi wa damu.

Safu ya tano ni kiwango cha dawa ya kinga. Hapa tuliandika kwa wino mwekundu: DAMU KWANZA, KIDONGE BAADAYE. Na chini yake: hakuna balungi. Balungi zuri la Unguja tulilokuwa tukimpelekea kwa kapu lina kitu kinachozuia dawa isivunjwe mwilini, ikazidi kwenye damu. Mitishamba pia, hata ile ya bibi, haipiti bila kuulizwa.

Safu ya sita haitaki sindano: presha na uzito. Mashine ya presha tulimnunulia kwa kuchangishana, na kaka yetu ndiye anayempima kila asubuhi kabla ya kwenda skuli.

Kuhusu Ramadhani, tulikubaliana kwamba hataamua peke yake wala hatutamwamulia sisi. Takrolimasi yake ina saa zake kumi na mbili, na siku ya kufunga kwetu inazidi hapo. Atakwenda kwa daktari wake kabla ya mwezi kuandama, kisha kwa mwenye elimu ya dini. Mwili ni amana, na huu wake una amana ya mtu mwengine ndani yake.

Jikoni tulibadilisha pamoja. Samaki tulimpika kwa ndimu, nyanya na bizari. Tui liliwekwa jepesi na la siku mojamoja. Mchicha, kunde na maboga ya Kilosa yalirudi mezani, yale ambayo bibi alikulia. Bibi alicheka sana. "Mmetoka Unguja kuja kutufundisha kula kunde?" Tukamwambia hapana, bibi, tumekuja kujifunza.

Miezi minne baadaye wifi alitupigia simu akiwa nje ya maabara. Lehemu ilikuwa imeshuka. Sukari bado ilikuwa mpakani, haikushuka, na daktari amesema watazungumza tena. Hatukupiga vigelegele, wala hatukulia. Tulimuuliza jambo moja tu.

"Wifi, leo umekunywa chai?"

"Bado," akasema. "Dada yangu kanishikia chupa, yuko hapa. Nimeshatoa damu, sasa ndiyo nakunywa."